Vijana wangu wametoa gemu la kifodi, mimi nimegeuka konda wao (yaliyotukuta Arusha)

Mzee wa Steshenari

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nina steshenari ndogo Mianzini. Fotokopi, picha za pasipoti, kujazia watu fomu za ajira. Likizo ya Juni nikiwa kaunta nikasikia nyuma yangu mtu anasema, "Kodi imegoma tena." Nikashtuka. Kodi ninazozijua mimi ni mbili, ya fremu na ya TRA, na mwenye kugoma huwa ni mimi. Kumbe vijana wanasema kodi ya kompyuta, yale maandishi ya kuiambia mashine ifanye nini. Nikageuza kiti.

Wako watatu. Wa kwangu yuko Kidato cha Tatu. Binti wa jirani ana miaka 15, ndiye kichwa cha kazi, na wa kwangu akisoma hapa avumilie tu. Wa tatu ni mpwa wangu wa Moshi, miaka 17, alikuja likizo na daftari lake la michoro.

Gemu lao linakufanya uwe konda wa kifodi (daladala ndogo za hapa Arusha) cha Kilombero kwenda Ngaramtoni. Huendeshi gari. Kazi yako ni nauli na chenji. Abiria anakupa noti ya elfu tano, anasema "wakubwa wawili na mwanafunzi", na kituo kinakaribia. Mia sita mara mbili, jumlisha mia mbili ya mwanafunzi, mrudishie 3,600 kwa hizo hizo noti na sarafu ulizokusanya kwa abiria wa mwanzo. Ukiishiwa unabonyeza "subiri mbele", abiria ananuna, na kila kituo kikipita uso wake unazidi kukunjamana. Ukipakia zaidi ya level siti, kuna trafiki Sakina.

Jina la gemu sitaliweka. Sitaki uzi ugeuke tangazo, na wasimamizi wa jukwaa hili nawajua.

Kilichonikalisha niandike ni hiki. Kila ninayemwambia anadhani ugumu ulikuwa kuandika programu. Hawa watoto waliliandika likizo ile ya Juni pamoja na Jumamosi za Julai. Kulifikisha kwenye simu ya mtu mwingine kulitupeleka hadi Oktoba, na kila tulipokwama palihitajika mtu mzima: kitambulisho cha mtu mzima, kadi ya benki ya mtu mzima, sahihi ya mtu mzima. Sikuandika mstari hata mmoja wa lile gemu, ila bila mimi lingekuwa bado liko kwenye flashi.

Walitaka kuanza na Unity, programu ya kutengenezea magemu. Wakaona inadai GB kadhaa na kompyuta yangu ya kaunta ina RAM ya GB 4, tena saa hiyo hiyo inatakiwa ichape barua ya mteja. Wakahamia Godot. Ni ya bure moja kwa moja, unaipakua ikiwa chini ya MB 100, unaifungua inafanya kazi, hata kuisimika hakuna. Nikafurahi mapema. Siku ya kutaka kulitoa gemu kama faili la Android ndiyo wakaniambia kuna mzigo mwingine wa kama GB moja, na Java, na vifaa vya Android juu yake. Tulishusha kwa bando la usiku, siku mbili, wa kwangu akilala kwenye benchi la wateja eti analinda isikatike.

Halafu kuna ile siku ya simu tatu. Walikuwa wanajaribu gemu kwenye simu ya binti tu, linakwenda vizuri. Mpwa akaliweka kwenye simu yake mpya, kifodi kikapaa, Kilombero hadi Ngaramtoni kama kufumba na kufumbua, abiria hata nauli hawajatoa. Wakaliweka kwenye simu ya mama wa jirani, ya zamani, kioo kimepasuka: kifodi kinatambaa kama mkokoteni wa ndizi unaopanda Sanawari. Wakalaumiana siku nzima. Jioni binti ndiye aliyeona. Gemu ni picha zinazofunuliwa haraka haraka, na walikuwa wameandika kwamba kila picha moja gari lisogee hatua moja. Simu inayofunua picha 60 kwa sekunde, gari linapiga hatua 60. Ya mpwa inafunua 90. Ya mama ikijitahidi sana 20. Dawa ilikuwa kuzidisha hatua kwa muda uliopita tangu picha ya mwisho. Kwenye Godot muda huo unaitwa delta, ulikuwepo pale pale kwenye mstari wa kwanza tangu siku ya kwanza, umeandikwa na hawautumii.

Nafunga duka. Kesho nitaeleza akaunti na wale wajaribu 12, hapo ndipo pana moto.

Chalii wa Ngarenaro

Nimeweka kambi. Mzee lete mambo, Chuga tunatisha arif.

Kahawa Chungu

Niko Moshi hapa nafuatilia. Ila swali la kizembe: huyo mpwa wa miaka 17 si ndiyo Kidato cha Nne? Mtihani wa Novemba mlimwachia nani?

Mama Wawili

Shikamoo mzee. Na mimi nilikuwa na swali hilo hilo. Wangu akishika kompyuta vyombo havioshwi, kuku hawafungiwi. Leo nimpe na baraka ya gemu?

Mzee wa Steshenari

Marahaba Mama Wawili. Kahawa Chungu, umepiga kwenye kidonda. Mama yake, dada yangu, alimkatisha Septemba mosi, akabeba laptopu, simu na flashi, vyote kabatini, funguo shingoni. Hiyo flashi ikumbukeni, nitairudia.

Kuhusu vyombo, kwangu havijaoshwa tangu Juni. Sina ushauri.

Dereva Mstaafu

Nimeendesha hiyo ruti miaka 11. Gemu lenu lina makosa. Hakuna konda anayerudisha chenji kabla ya Sakina. Chenji inatoka abiria akikaribia kushuka, na akisahau ni yake konda.

Chalii wa Ngarenaro

😂😂😂 Mzee kakiri mbele ya watu.

Mzee wa Steshenari

Dereva Mstaafu, hoja yako nimewasomea. Binti kaandika kwenye daftari. Amesema ataongeza kitufe cha "kaa kimya".

Sasa akaunti.

Kuweka gemu Google Play unafungua akaunti ya mtengenezaji, unalipa dola 25 mara moja tu, basi. Kwa iPhone ni dola 99 kila mwaka, hiyo hatukuijadili hata dakika. Dola 25 si pesa ya kumfanya mtu auze mbuzi. Tatizo ni mstari mmoja: mwenye akaunti awe na miaka 18. Mkubwa kuliko wote kati ya wale watatu ana 17. Wakanitazama. Mimi nikatazama fotokopi.

Nikakubali, lakini nilikaa usiku mzima nasoma ninachotia sahihi, na nawashauri wazazi mfanye hivyo. Akaunti ni yako wewe, siyo ya mtoto. Wakiweka picha ya kuibia mtandaoni, umeiba wewe. Jina lako la kwenye kitambulisho ndilo wanaloliona watu dukani, pamoja na nchi na barua pepe. Na ukitaka kuingiza pesa kwa gemu, anwani yako kamili nayo inaonyeshwa. Mimi anwani yangu ni S.L.P. na kibao cha duka, sikuona shida. Mama anayeishi peke yake na watoto afikirie mara mbili.

Malipo yalinitoa jasho kidogo. Kadi za kujaza pesa kwanza hazipokelewi, na ndiyo niliyokuwa nayo. Ikabidi niende benki wanifungulie kadi yangu ya kawaida kulipa mtandaoni. Foleni ya mwisho wa mwezi, mnaijua.

Kisha uthibitisho wa jina. Kwenye kitambulisho nina majina matatu, kwenye akaunti nilijaza mawili kwa sababu ndivyo ninavyojulikana mtaani. Ikarudi. Nikajaza matatu, ikapita. Kosa langu, lakini lilikula wiki.

Halafu ndiyo wajaribu. Akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 haziruhusiwi kuachia programu kwa umma moja kwa moja. Lazima kwanza uwe na kundi la watu wanaolijaribu, siku 14 mfululizo bila kutoka. Mwanzoni walitakiwa 20, Desemba 2024 wakapunguza wakawa 12. Nikasema kumi na wawili ni watu wa kwaya tu, Jumapili moja tumemaliza.

Wakuu, mjaribu anatakiwa awe na barua pepe ya Google, na wewe uiandike kwenye orodha. Nilisimama nje ya kanisa na kalamu. Mtu wa kwanza, baba mtu mzima, simu nzuri: "Barua pepe yako ipi?" Akanipa namba ya simu. Wa pili akasema anayo, ila alifunguliwa na kijana wa pale stendi aliponunua simu, na kijana kahama. Wa tatu alikuwa nayo, tukaifungua, jina lililoandikwa ni la mwenye simu wa zamani. Mama mmoja akanivuta pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni zile za kuwekeza dola.

Tulipata watano kanisani. Wawili walimu wa shule ya wa kwangu. Mmoja fundi cherehani wa fremu ya pili. Wanne walikuwa wanafunzi wa chuo cha uhasibu Njiro, huwa wanachapisha ripoti zao kwangu, niliwapunguzia bei ya kurasa. Wakatimia kumi na wawili kamili, nikahisi nimecheza.

Siku ya tisa fundi cherehani akauza simu.

Kumi na mmoja. Hesabu ikaanza upya.

Fundi Simu Kiboriloni

Naomba niseme kitu hapa kwa niaba ya wenzangu. Sisi ndio "vijana wa stendi" mnaotusema. Mteja ananunua simu, anataka iwake na WhatsApp ifanye kazi, hapo hapo, gari lake linaondoka. Ukimwuliza achague barua pepe na neno la siri anasema "weka yoyote". Tunaweka yoyote. Kesho kutwa simu ikijifunga anarudi analia. Sasa hivi mimi naandika kwenye kipande cha karatasi nakitia ndani ya kava la simu. Wadau mkinunua simu angalieni ndani ya kava.

Kahawa Chungu

Nimefungua kava langu sasa hivi. Kuna karatasi. Mungu akubariki fundi.

Msimbo Mbichi

Mzee umeeleza vizuri kuliko wengi wanaojiita wataalamu. Naongeza mawili kwa wengine watakaopita njia hii.

Wajaribu chukua 20 au zaidi hata kama wanatakiwa 12. Simu zinauzwa, zinaibiwa, zinaanguka chooni. Na wakishamaliza siku 14 hufunguliwi papo hapo. Unaomba, unajibu maswali: walikuambia nini, ulibadilisha nini kutokana na walichosema. Kwa hiyo waambie wajaribu waseme kweli. "Zuri sana hongera" haikusaidii kujaza ile fomu.

La pili, watoto kufanya haya halikuanza Arusha. Mwishoni mwa 2010 huko Utah, Marekani, mtoto wa miaka 14 anaitwa Robert Nay alitoa gemu la iPhone, Bubble Ball. Alitumia kifaa kinaitwa Corona, siku hizi ni Solar2D, nacho ni bure. Wiki mbili tu likapakuliwa zaidi ya mara milioni mbili, likaipiku Angry Birds kileleni kwenye orodha ya programu za bure. Na mama yake alimsaidia kupanga baadhi ya hatua za gemu. Kwa hiyo mzee, usijione umebebeshwa, ndivyo ilivyo kila mahali, nyuma ya dogo kuna mzazi.

Chalii wa Ngarenaro

Milioni mbili?? Mzee, bahati njema, ukipata za kwako unikumbuke na mimi nilikuwa wa kwanza kukoment.

Mwl. wa Hesabu

Hizo habari za milioni mbili zinawapoteza vijana, tusimulie zote. Yule Mvietnamu aliyetengeneza gemu la Flappy Bird, Dong Nguyen, aliliachia Mei 2013. Miezi kadhaa hakuna aliyelijua. Mwanzoni mwa 2014 likalipuka, akasema matangazo yanampa kama dola 50,000 kwa siku. Februari 2014 akaliondoa mwenyewe dukani, alisema watu wamekuwa watumwa nalo na maisha yake yameharibika. Mimi kama mwalimu nikiwaambia wanafunzi dola 50,000, darasa zima linataka kuacha shule. Nikiwaambia aliliondoa, wananiona mwongo.

Mleta uzi, kama nauli na chenji zipo, hilo gemu nalitaka Kidato cha Kwanza. Wanafunzi wangu wanajua aljebra, noti ya elfu kumi inawashinda.

Mama Wawili

Naomba kuuliza sauti. Kwenye gemu la mwanangu waliweka wimbo wa Bongo Fleva unaovuma. Ilikuwa simu ya baba yao, jina lake. Duka moja la programu wakaliondoa gemu, kisha na akaunti ikafungwa kabisa. Tukajaribu kufungua nyingine kwa jina langu nayo ikafungwa, eti zinahusiana. Mtoto alilia wiki. Nyie mlifanyaje?

Mzee wa Steshenari

Pole sana Mama Wawili. Na sisi tulikuwa tunaelekea huko huko. Mpwa alikuwa ameweka kipande cha wimbo, sekunde kumi, anasema "mjomba ni sekunde kumi tu". Nikamwambia Sheria ya Hakimiliki ya 1999 haihesabu sekunde zako. Duka langu lina fotokopi, hiyo sheria nilishafundishwa kwa uchungu na mtu aliyeleta kitabu kizima nikichape.

Tukaenda Kilombero kutafuta konda. Siyo rahisi. Ukimwambia konda "tunaomba sauti yako" anafikiri unamrekodi umpeleke kituoni. Wa nne alikubali, kijana mchangamfu, kofia ya sufu saa saba mchana. Akataka elfu tano na soda. Tukaandikishana kwenye karatasi, jina, tarehe, sahihi, kwamba sauti itumike kwenye gemu. Akapiga kelele mara moja, "Sakina Sakina Ngaramtoniii, wawili wa haraka!" Binti akasema mara moja haitoshi, upepo umeingia. Akarudia. Mara ya tatu kifodi kikajaa kweli, watu wamepanda, dereva anapiga honi, yeye yuko na sisi anarekodi. Dereva alimtukana matusi ambayo nayo yamerekodiwa. Hayo tumeyafuta.

Muziki wa nyuma mpwa alipiga mwenyewe kwa kinanda cha kanisa chao. Siyo mzuri sana. Ila hakuna wa kutushitaki.

Dereva Mstaafu

Wawili wa haraka na gari lina nafasi nane. Hapo mmepatia.

Kahawa Chungu

Mzee turudi kwenye flashi.

Mzee wa Steshenari

Narudi.

Oktoba, siku 14 za pili zikatimia, safari hii nilikuwa na watu 19. Tukajibu fomu, tukasubiri, gemu likatoka. Siku hiyo wa kwangu alionyesha kila mteja aliyeingia dukani, hata aliyekuja kulaminisha cheti cha kifo. Nilimfinya.

Nikampigia dada yangu mkubwa, yuko Usa River, nikamwambia alitafute. Akasema halionekani. Nikamtumia linki. Akanitumia skrinishoti: kifaa chako hakiendani na toleo hili. Nikadhani ni simu yake. Mwenye duka la dawa jirani naye, hivyo hivyo. Mama lishe, hivyo hivyo. Nikawauliza wote simu zao: zile za bei ya chini, Android nyepesi, RAM GB 1 au 2. Wajaribu wetu 19 wote walikuwa na simu nzuri kidogo, si unakumbuka tulitafuta wenye barua pepe? Tulijichuja wenyewe bila kujua. Konda aliyetupa sauti yake hakuweza kulicheza gemu lenye sauti yake.

Binti akachimba siku mbili. Akasema simu nyingi za bei nafuu zinaendesha mfumo wa biti 32, hata kama kichakataji chenyewe kinaweza 64. Kwenye Godot 4, ukitoa faili la Android, kisanduku cha biti 64 kimeshawekwa alama, cha 32 kiko wazi. Hawakukigusa. Kisanduku kimoja! Tena akaona jambo la pili: gemu lilikuwa limechagua njia ya kuchora inayotaka Vulkan (mfumo wa kuchorea picha wa simu za kisasa), na simu za namna ile nyingi hazina au zinayo ya kubabaisha. Kuna njia nyingine imeandikwa Compatibility, ndiyo ya simu zetu. Akabadilisha zote mbili.

Tayari? Bado. Kila toleo jipya lazima litiwe sahihi kwa ufunguo ule ule wa toleo la kwanza. Ufunguo ni faili dogo sana. Nikauliza liko wapi. Wa kwangu akamtazama binti. Binti akatazama dari. Lilitengenezwa kwenye laptopu ya mpwa mwezi wa nane, toleo la kwanza walilitia sahihi huko huko kabla hajakatishwa, na nakala iko kwenye flashi yake nyekundu.

Kabatini. Moshi. Funguo shingoni mwa dada, mama yake mpwa.

Nikampigia. Akasema hadi mtihani uishe. Nikamwambia dada, sihitaji mtoto, nahitaji flashi. Akasema flashi ikitoka mtoto atajua na akili itatoka nayo. Nikapanda Coaster, kilomita 80, nikafika saa nne asubuhi mtoto akiwa shule. Dada akanikalisha, akaniletea mtori, nikala bakuli mbili bila habari ya flashi kutajwa. Nilipoweka kijiko akafungua kabati. Akasema, "Ufunguo huo chukua. Mtoto nimeshamficha."

Niliiweka flashi kwenye mfuko wa shati, nikafunga kifungo, njia nzima nikawa naipapasa kama mtu aliyebeba ada.

Msimbo Mbichi

Mzee nimecheka mpaka nimekohoa. Ila nikuambie na usikasirike: hukuwa na haja ya kusafiri. Ufunguo mlionao nyie ni wa kupandishia matoleo dukani tu, ule mkuu wa kutia sahihi Google wanautunza wenyewe kwa programu mpya zote. Ukipoteza wa kupandishia, mwenye akaunti anaingia kwenye akaunti yake anaomba ubadilishwe, unatengeneza mwingine, siku chache mnaendelea.

Mzee wa Steshenari

Mwenye akaunti ni mimi.

Msimbo Mbichi

Ndiyo.

Mzee wa Steshenari

Mtori ulikuwa mzuri lakini.

Kahawa Chungu

😂 Mangi kapoteza nauli kapata mtori, ngoma droo.

Mama Wawili

Na pesa je? Mmepata chochote?

Mzee wa Steshenari

Watu 340 na kidogo hadi leo. Dukani inaonyesha "100+", na ikivuka 500 itabadilika, wa kwangu anaamka nayo analala nayo. Baada ya kurekebisha lile la biti 32 ndiyo walipanda, kabla ya hapo tulikuwa 41 na nusu yao ni ukoo.

Toleo la kwanza halikuwa na tangazo hata moja, nilikataa. Ukisema gemu lako ni la watoto wa chini ya miaka 13, masharti ya matangazo yanakaza, na sikutaka kujifunza masharti mengine kabla sijapumua. Desemba mpwa alipomaliza mtihani tukakaa wote wanne, tukaweka tangazo moja tu, mwisho wa safari Ngaramtoni. Katikati hapana. Abiria anadai chenji halafu unamwonyesha tangazo la sabuni?

AdMob, wale wa Google wanaoweka matangazo kwenye programu, hawakulipi hadi ufike dola 100. Na ukifika dola 10 wanatuma namba ya siri kwa posta, barua ya karatasi kabisa, ili wahakikishe anwani. Leo tuko dola 4 na senti. Kila nikipita posta nafungua sanduku hata hivyo.

Kuhusu kugawana, tumeandika karatasi: theluthi tatu sawa kwa watoto, mimi narudishiwa dola 25 zangu kwanza. Dada amedai nauli ya Moshi ikatwe kwangu.

Mwl. wa Hesabu

Nimelipata gemu kwa njia zangu, msiniulize. Nimelicheza darasani na projekta. Taarifa ya kosa: abiria wa Kwa Iddi akitoa noti ya elfu kumi, analipia wakubwa watatu, chenji sahihi ni 8,200. Gemu linakubali 8,000 na linasema "umepatia". Wanafunzi 46 wamepiga kelele kwa pamoja.

Dereva Mstaafu

Hilo siyo kosa. Acheni hivyo hivyo.

Mzee wa Steshenari

Mwalimu asante. Nimewaita. Wako nyuma ya mashine ya fotokopi wanabishana nani aliandika ile sehemu, na wa kwangu anasema kwa sauti kwamba siyo yeye. Nitaleta jibu wakimaliza, kuna mteja hapa anataka kurudufu kadi ya gari.